Mama Maswali na Tembo la Kuonja

Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu kuhusu pombe. Asubuhi alitoka Kibaha, tulikokuwa tumepanga nyumba moja, akiwa na mwavuli, chupa ya maji na kishikwambi alichokiviringisha kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Alikwenda vijijini, akapiga hodi, na akikaribishwa aliuliza: unakunywa, unakunywa nini, kiasi gani, na je, umewahi kupimwa presha? Kisha alimpima mtu presha, akamshukuru, akaenda nyumba ya pili. Wapangaji wote tulimwita Mama Maswali, naye aliitika bila kinyongo.

Nimeanza kumwandika mara nyingi katika shajara yangu nikaacha. Mimi niliishia darasa la saba, kazi yangu ni cherehani, na utafiti ni jambo la watu waliosoma. Huenda kuna mahali nitaeleza vibaya. Lakini nina kaka yangu mkubwa, mgema wa tembo huko Marui, Kisarawe. Ana presha, na kila siku anapanda minazi. Hofu ya familia yetu yote ilikuwa hiyo moja, kwamba iko siku kichwa kitamzunguka akiwa juu. Habari za Mama Maswali siwezi kuzitenga na hofu hiyo, kwa hiyo nitaandika zote pamoja, kadiri nitakavyoweza.

Alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa kubwa, ya kugombania kamba ya kuanikia nguo, na alipokasirika ilisikika hadi barabarani. Ya kazini ilikuwa ya chini, haipandi wala haishuki, na maneno yalikuwa yale yale kwa kila mtu, awe mwenyekiti wa kijiji au mlevi aliyelala kibarazani. Nilimwuliza kwa nini asiyageuze kidogo kumfaa mtu. Akasema, "Nikimwuliza mmoja kwa upole na mwingine kwa ukali, nitakuwa nimepima ukali wangu, sijapima pombe."

Na uso pia aliufanyia mazoezi. Katika kibanda changu cha kushonea kuna kioo kirefu cha wateja. Jioni alikuja na kigoda, akakaa akitazamana na kioo.

"Fundi, una nafasi?"

"Karibu, mama."

"Nidanganye." Hapo hapo ile sauti ya kazini ikaingia. "Je, unatumia kinywaji chochote chenye kilevi?"

"Natumia. Nakunywa ndoo nzima kabla ya chai."

"Ndoo ya ukubwa gani?" Uso haukutikisika.

"Ile ya kufulia."

"Unakunywa peke yako au na wenzako?"

"Na mume wangu."

"Mume wako yupo?"

"Hayupo. Nilimmaliza jana pamoja na mabaki ya ndoo."

Akashindwa, akacheka mpaka akaegemea cherehani. "Umeniua, Fundi. Haya, tena, tangu mwanzo."

Aliniambia kwamba akionyesha mshangao, yule aliye mbele yake atamwambia nusu, na jirani anayechungulia dirishani hatamwambia kitu kabisa. Lakini hakukubali watu wakiwaita wanakijiji waongo. "Watu hawadanganyi kama mnavyodhani," alisema. "Wanajibu lile swali walilolisikia wao. Kazi yangu ni kujua wamesikia swali gani." Wakati ule niliona ni maneno tu ya mtu anayeipenda kazi yake.

Kuna jambo lilimtokea Dutumi, upande wa Kibaha vijijini. Sikuwepo, naandika kama alivyonisimulia. Walikuwa wamepewa kadi zenye picha za glasi na chupa, mtu aonyeshe anakunywa ngapi. Pale kilabuni hakuna glasi. Kuna jagi moja la plastiki, na kopo moja linalozunguka kutoka mkono hadi mkono, na anayenunua ndiye anayeanza. Wanaume wakaitazama kadi, wakaitazama tena. Mmoja akasema, "Mama, hizi ni za harusini."

Tangu siku hiyo akanunua kopo la aina ile ile wanayonywea watu, akawa analibeba kwenye mkoba. Mtu akishindwa kueleza kiasi, anamwomba jagi la maji. "Nimiminie kama vile unavyokunywa." Mtu anamimina. Alisema mwanamume mmoja alimimina, akatazama alivyojaza, akarudisha kidogo kwenye jagi, akatazama tena, mwisho akayamimina tena koponi yote aliyoyapunguza akasema, "Acha tu, ndivyo ilivyo."

Lakini alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe, na nisipoliandika hili sitakuwa nimetenda haki. Jumapili akitoka kanisani alikuwa anakunywa bia moja, ya baridi, kibarazani, watu wote wanamwona. Mama mwenye nyumba hakuivumilia.

"Wewe unapima watu presha sababu ya pombe, na hiyo uliyoshika ni soda?"

"Ni bia."

"Sasa?"

"Sasa umeuliza, nimejibu. Wangejibu wote kama mimi, ningekuwa nimeshamaliza kazi."

"Ina maana haina madhara?"

"Sijasema hivyo. Nayajua madhara yake, na bado naipenda. Ndiyo maana sijisikii mbora kuliko yeyote ninayemwuliza."

Mama mwenye nyumba akasonya akaingia ndani. Mimi mpaka leo sijui nani alishinda pale.

Mimi mwenyewe nilimbishia siku moja. Nilimwambia nina mjomba aliyekunywa maisha yake yote na akafa mzee kabisa, tena kwa malaria. Hakukasirika. Alisema bodaboda asiyevaa kofia ngumu hafi kila siku, wengine wanastaafu salama kabisa, lakini wewe ukiwa na mtoto utamwambia avae. Utafiti wao, kwa nilivyoelewa, haukuwa wa kumwambia mtu "utakufa". Ulikuwa wa kujua pombe inaongeza hatari kiasi gani upande wa presha, upande wa ini, upande wa moyo, na je, inaongeza sawa kwa mtu wa mjini anayekunywa Ijumaa na kwa mtu wa kijijini anayekunywa kila siku kidogo kidogo. Kama nimekosea, kosa ni langu, yeye alieleza vizuri.

Kwa mtu aliyeuliza sana, mwenyewe hakuulizika. Watu nyumbani walisema mumewe alikufa kwa pombe ndiyo maana akaichagua kazi ile. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, kwa hiyo siandiki kwamba ni kweli. Nilichojua ni kwamba ana binti mmoja Kisarawe mjini, na kwamba kwao ni Tabora.

Hilo la Tabora ndilo lililotufanya ndugu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na baina yetu utani hauna msamaha. Siku ya kwanza nilipomwona anaingia na begi mkononi nilimwambia, "Mnyamwezi gani huyu hana mzigo kichwani? Umepotea njia?" Akaweka begi chini, akanitazama juu mpaka chini. "Mzaramo uko macho saa hizi? Ngoma ya jana iliisha mapema?" Tukashikana mikono. Kuanzia hapo nilipopika kisamvu sahani yake ilikuwepo.

Alipopangiwa Kibuta na Marui aliniomba niwe mwenyeji wake, kwa kuwa kule ndiko kwetu. Njiani alinieleza sharti la kazi. Kishikwambi kikiwa wazi, yeye hashauri, haonyi, hasemi hata "pole" kwa namna ya kumwonyesha mtu kwamba amejibu vibaya. Anauliza tu. Mwenye presha anaandikiwa karatasi ya kwenda zahanati, basi. "Na utani?" nikauliza. Akasema kishikwambi hakijui utani.

Kwetu tulimkuta kaka anakarabati kamba zake. Wifi yangu akatandika mkeka. Kaka ni Mwislamu mwenye kusali, na minazi aliachiwa na baba. Watu wengine wanamsema kwa kugema, yeye anawajibu kwamba kuuza na kunywa ni vitu viwili. Mama Maswali akauliza kwa ile sauti yake.

"Je, umewahi kutumia kinywaji chochote chenye kilevi?"

"Sijawahi."

"Hata zamani?"

"Mama, mimi sijawahi kukaa kilabuni hata siku moja. Muulize huyu mdogo wangu."

Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, kijiji kizima kinajua, na ndiyo ilikuwa heshima yake. Mama Maswali akabonyeza. Kisha akampima presha. Akasubiri, akapima tena. Akambadilisha mkono. Akaandika ile karatasi, akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Kesho, kaka, usingoje keshokutwa."

Kaka alikwenda, akapewa dawa, akazinywa. Presha haikushuka. Muuguzi wa zahanati akamwuliza chumvi, wifi akaacha kutia chumvi mpaka kaka akalalamika kwamba anakula mchicha kama mbuzi. Akaulizwa pombe, akasema hanywi. Dawa zikaongezwa. Na kichwa kikaanza kumzunguka huko huko juu. Wifi alinisimulia kwamba asubuhi moja alimwona amekumbatia mnazi, hashuki wala hapandi, amefumba macho. Hakujua la kufanya. Akafungua kanga aliyojifunga, akaitandaza kwa mikono miwili chini ya mnazi, akasimama hivyo.

"Ungemdaka kwa kanga, wifi?" nilimwuliza.

"Nilijua haitamdaka. Sasa ningeshika nini?"

Tulimwomba aache kupanda. Akasema atakula nini. Hakuwa mkaidi, hilo lilikuwa swali la haki.

Mama Maswali alirudi Marui msimu uliofuata kuwafuatilia wale waliokutwa na presha, nami nikaenda naye. Tulifika mapema, kaka akiwa bado kazini. Tukakaa kwenye gogo tukamtazama. Alishuka na kidumu cha mnazi wa kwanza, akakinusa, akapiga funda moja, akatikisa kichwa kwamba ni zuri, akalimimina kwenye dumu kubwa. Akaenda mnazi wa pili, akapanda, akashuka, akapiga funda. Wa tatu vile vile. Mimi nimekua nikiliona jambo hilo tangu kwa baba, kwangu lilikuwa kama kumwona mtu anafuta jasho. Mama Maswali alikuwa ameinamia mbele, anafuata kila funda kwa macho.

Kisha wakaja wateja na baiskeli zao. Mgema akikupimia tembo, unamwambia, "Toa sumu," naye anakunywa kwanza mbele yako ili ujue ni salama. Ni adabu ya biashara, haina ubaya. Akaja mteja: toa sumu. Kaka akanywa. Akaja mwingine. Kaka akanywa.

Walipoondoka tukahamia kwenye mkeka. Kishikwambi kikafunguliwa.

"Je, unatumia kinywaji chochote chenye kilevi?"

"Situmii."

Nilidhani atambishia. Hakumbishia. Akasema, "Kaka, nisimulie asubuhi yako. Anzia ulipoamka."

Kaka akasimulia. Ameswali, amenoa kisu, ameenda shambani, amepanda, ameshuka, ameonja.

"Umeonja."

"Lazima. Mnazi mmoja ukitoa tembo lililochacha, unaharibu dumu zima."

"Sawa. Halafu?"

"Halafu nikapanda wa pili."

"Ukashuka."

"Nikaonja."

Wifi akasema, "Mh."

"Mh nini? Kuonja si kunywa. Kunywa ni kukaa chini na kopo."

"Sawa," Mama Maswali akasema.

"Na wateja, nisipotoa sumu hawanunui."

"Sawa."

"Sawa, sawa! Unaandika nini humo?"

Mama Maswali alitoa lile kopo lake mkobani, akaomba jagi la maji. "Nimiminie. Mnazi wa kwanza." Kaka akacheka, akamimina kidogo. "Wa pili." Akamimina. Alikwenda hivyo mti kwa mti, akitaja kila mti kwa mahali ulipo, ule wa karibu na kisima, ule uliopinda, na alikuwa mwaminifu, hakupunja. Kopo likajaa. Mama Maswali akamwomba wifi chombo kingine, wifi akaleta bakuli. Likajaa nalo kabla hatujafika kwa wateja. Wifi akaleta sufuria. Kaka alipoanza kuwamiminia wateja hakuwa akicheka tena, na mkono ulikuwa umepunguza kasi. Mwisho akaliweka jagi chini.

"Bado jioni," wifi akasema, kwa sauti ndogo.

Kaka alikuwa anayatazama yale maji. Ninaamini kabisa kwamba hakuwahi kumdanganya mtu, si sisi, si muuguzi, si Mama Maswali. Alisikia anaulizwa kuhusu kukaa kilabuni, akajibu kuhusu kukaa kilabuni.

Mama Maswali akamaliza maswali yake yote kama yalivyo, akampima presha, bado ilikuwa kule kule juu. Akafunga kishikwambi, akakiviringisha kwenye kitambaa, akafunga na mkoba.

"Sasa mtafiti ameondoka," akasema. "Amebaki Mnyamwezi."

"Haya, mpagazi, tua mzigo," kaka akamwambia.

"Ukianguka kutoka kwenye mnazi, mimi nitakuja msibani kwako. Watani wako tutakuwa wengi lakini mimi nitawahi. Nitakaa mlangoni, jeneza halitoki. Shehe akija kuniomba nimwambie, ngoja kwanza shehe, hujui habari za huyu. Huyu hakunywa, jamani, alionja tu. Na makaburini nitawafuata. Mkishusha mwili nitasema tena: hakunywa, alionja tu. Nitasema mpaka watoto wako waniombe ninyamaze, na sitanyamaza, kwa sababu ni haki yangu."

Tukacheka, maana alisema huku amesimama, ameshika kiuno kama watani wanavyosimama msibani hasa. Wifi alicheka zaidi kuliko sisi, akajifunika uso kwa kanga, na baadaye tukaona mabega yake, tukajua kwamba si kicheko tena. Kaka hakucheka wala hakukasirika. Kwa mtani huwezi kukasirika. Alisema tu, "Nimekusikia, mtani."

Njiani kurudi Kibaha, Mama Maswali hakuwa na furaha. Alisema huenda amepita mipaka, kwamba utani aliutumia kama mlango wa nyuma. Nilimwambia hapana, lakini mimi ni dada wa mgonjwa, nisingeweza kusema vingine. Alimweleza mwenyewe bosi wake, daktari kijana kutoka Dar, kabla hajaulizwa. Daktari alikuja nyumbani, wakakaa kibarazani, na kwa kuwa kibanda changu kiko pale pale niliwasikia. Alimkanya kwa heshima. Akasema pia maswali hayawezi kubadilishwa katikati, kwa sababu waliokwishajibu watakuwa wamejibu kitu kingine na hakutakuwa na cha kulinganisha. Nilimwona ana haki. Lakini kuhusu kuonja na kutoa sumu alimfanya arudie kusimulia, akauliza kwa makini kama wagema wengine nao hufanya hivyo, na akasema awamu inayofuata swali hilo litakuwemo. Walipeana mikono. Mama Maswali aliponikuta nimesimamisha cherehani akasema, "Fundi, shona, hakuna msiba hapa."

Sitaki mtu adhani kwamba kaka alibadilika siku hiyo hiyo. Alikwenda zahanati akamweleza muuguzi habari zote, na muuguzi akamwambia asikate ghafla, apunguze taratibu, maana mwili umezoea. Alipunguza. Mikono ilimtetemeka, usingizi ulimpaa, akawa mkali kwa watoto. Kuna wakati alirudi kule kule, wifi akanipigia simu, anapumua tu. Kisha akaanza upya.

Njia aliyoipata ilikuwa kutema. Anaonja, anazungusha mdomoni, anatema. Basi ikawa kichekesho cha kijiji. Kuna mgema mwenzake, jirani, mwenye maneno mengi, huyo hakupumzika.

"Jamani, umeona wapi mpishi anatema wali wake? Tembo la huyu lina nini?"

Na kweli wateja walianza kusitasita, maana mgema anayetema mbele yako ni kama anakuambia kuna sumu. Aliyeokoa jahazi ni mzee mmoja, mnywaji wake wa miaka yote. Alikuja, kaka akampimia, watu wanatazama. "Shikamoo mzee," kaka akasema, "leo sitoi sumu." Mzee akaitikia marahaba, akalitwaa kopo. "Lete nijitolee mwenyewe. Mimi nimeshazeeka, nikifa hapa mtakuwa mmejua." Akanywa, akajifuta, watu roho juu. Kisha akasema, "Sijafa. Ongeza." Tangu hapo kwa kaka kila mteja anajionjea. Nakiri kwamba mzee yule naye ni mtu, na tembo ni lile lile.

Awamu ile ya mradi ilipokwisha, Mama Maswali alihama Kibaha akaenda kukaa kwa binti yake Kisarawe mjini. Nyumba ilipoa. Tulipigiana simu sikukuu na sikukuu. Kuna kipindi hata hizo simu zilipungua, nikadhani ndiyo basi, watu wa kazi za kuzunguka huwa hivyo.

Juzijuzi hapa akapiga. "Fundi, nakwenda Marui kurudisha majibu. Utakuja?"

Nilishangaa, na nadhani kila mtu wa kule alishangaa. Tumezoea watu kuja, kuuliza, kupima, kuondoka. Hakuna anayerudi kusema alichokikuta. Yeye aliomba ruhusa kwa ofisi yao, akapewa maelezo, akaazima mashine ya presha, akaja.

Nilimkuta nje ya ofisi ya kijiji, kwenye kivuli cha ukuta, amekaa. Amenenepa kidogo, na goti moja linamsumbua, anaposimama hushika meza. Tulikumbatiana. Watu walikuwa wamejaa, wanaume upande wao, wanawake kwenye mikeka. Kaka alikuwa nyuma kabisa, na yule jirani mwenye maneno karibu yake.

Alizungumza kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, wala ya nyumbani wala ya kazini. Alisema walichokiona: wanaokunywa sana, presha imewaandama zaidi kuliko wasiokunywa. Siyo wote. Kuna wasiokunywa kabisa na presha wanayo. Baadhi ya waliopunguza, presha imeshuka, na baadhi bado. "Na kuna mambo hatuyajui," akasema. "Anayewaambia anajua yote, muulizeni vizuri." Watu wakacheka.

"Kuna swali tumeliongeza," akaendelea, "sasa linaulizwa hata sehemu nyingine wanakogema. Tunauliza kuhusu kuonja. Swali hilo limetoka hapa Marui, kwa mtu mmoja. Simtaji, ni sharti la kazi."

Wengine walianza kugeuza shingo. Kaka akasimama kule nyuma.

"Nitaje," akasema. "Mnyamwezi unaogopa nini? Nitaje."

"Sikutaji."

"Basi najitaja. Ni mimi. Nilimwambia huyu mama sinywi, na nilikuwa nakunywa tangu alfajiri mpaka magharibi bila kujua. Kichwa kilikuwa kinanizunguka juu ya mnazi, mke wangu ananitandazia kanga chini. Leo napanda na kushuka. Nipime hapa, wote waone. Ikiwa juu, waone pia."

Alipita katikati ya watu akaketi kwenye kiti, akakunja mkono wa kanzu. Mama Maswali akamfunga mkononi mpira wa mashine. Mashine ikavuma, ikatulia, ikaanza kushusha pumzi. Wifi alikuwa kwenye mkeka mbele yangu na niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja.

Mama Maswali akasoma, akasubiri, akapima tena.

"Bado iko juu kidogo," akasema. "Kidogo tu. Siyo kama ile."

"Nisimuliwe jeneza?" kaka akauliza.

"Jeneza lipo, mtani. Lakini si la leo, nina safari."

Watu wakaangua kicheko, wifi akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaona aibu, akakikatiza. Na hapo ndipo yule jirani mwenye maneno aliposimama. Sote tulijua anakuja na kejeli, hata kaka alikwishajiandaa, niliona kidevu chake.

"Huyu minazi yake ni michache," jirani akasema. "Mimi ninayo mingi kuliko yeye, na wateja wangu wanawazidi wake kwa mbali." Akaangalia chini, akaangalia mkewe upande wa mikeka. "Na mimi naonja yote."

Hakuna aliyecheka. Kaka akavua ule mpira mkononi, akainuka, akampisha kiti.